Kibodi ya Kimya na Meza ya Njoki

Jumatatu, 17 Machi 2025

Nimeaibishwa. Na kibodi yangu mwenyewe!

Ofisi yetu ni chumba kimoja, ghorofa ya kwanza, mtaa wa nyuma hapa Nakuru mjini. Meza tatu. Mzee Njuguna anauza bima pale mlangoni. Njoki yuko katikati, anaandika programu za mazishi, vile vijitabu vya ibada vyenye picha na maisha ya marehemu. Mimi niko dirishani. Kazi yangu ni kusikiliza mikutano ya watu kwa hedifoni na kuiandika neno kwa neno. Siku nzima mtu kama mimi anapiga herufi tu.

Leo mjane mmoja kutoka Bahati alikuwa akimsimulia Njoki maisha ya mumewe. Akafika kwa mtoto wao aliyetangulia, sauti ikakatika. Njoki akaondoa mikono kwenye kompyuta akangoja. Ndivyo afanyavyo. Mtu akilia, yeye haandiki. Chumba kikatulia. Kila mtu akatulia, isipokuwa mimi. Taka-taka-taka-taka! Nilikuwa na hedifoni masikioni, ningejuaje? Mjane akageuka, akauliza kama huku juu kuna fundi wa mabati.

Saa ya chai Njoki alinijia. Hakufoka. Afadhali angefoka. Aliniambia Kang'ethe, yule wa studio ya picha chini, ana nafasi ya meza kuanzia mwisho wa mwezi, na amemkaribisha. Akasema hajaamua. Lakini wateja wake hawawezi kulia chini ya mvua ya mawe. Aliniomba nitafute kibodi ya kimya.

Sitaki aende. Haya, nimeliandika. Njoki ndiye hunikatia andazi lake saa nne na kunipa kipande kikubwa. Kang'ethe hata andazi hali, anasema lina mafuta.

Najua ningeweza kununua kibodi ya kawaida, zile laini za bei ya chini. Lakini zile vidole vinazama kama kwenye ugali uliopoa. Mimi ni mtu wa kibodi ya springi, yenye swichi yake chini ya kila herufi. Ipo ya springi iliyo kimya, lazima ipo. Nitaipata. Na Njoki ataona nimejinyima kwa ajili yake.

Jumanne, 18 Machi

Mpango wa kwanza ulikuwa wa kungojea tu wakati natafuta. Taulo chini ya kibodi. Nililikuta limetundikwa nyuma ya mlango, safi, halina mwenyewe.

Sauti ilipungua! Njoki aliinua kichwa, akatabasamu. Niliandika saa nzima nikijihisi mtu mwema.

Kumbe taulo lina mwenyewe. Ni la Mzee Njuguna, la kufutia kichwa akipanda ngazi. Alilitafuta asubuhi yote. Alimuuliza hata Jonah, yule keateka anayetunza jengo. Kwa nini sikusema? Sijui. Kila dakika iliyopita ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi. Nikaamua kulivuta kidogokidogo, nilirudishe mlangoni kimyakimya. Kibodi ikaja na taulo. Chai ikaja na kibodi.

Kibodi ya zamani imekufa. Mzee Njuguna alilikamua taulo lake, akalitandaza dirishani, mbele ya uso wangu.

Angalau sasa sina budi kununua.

Jumatano, 19 Machi

Duka la kompyuta, karibu na stendi. Muuzaji anaitwa Cheruto, msichana mwenye subira. Aliniita boss. Nilimpenda papo hapo.

Alinieleza vizuri. Swichi za buluu zinalia kwa makusudi. Za kahawia hazilii sana, lakini zinagonga chini. Kuna nyingine, za kimya kabisa, zina kipande cha mpira ndani ili springi isigonge plastiki. Akasema kama ni ofisi ya watu wengi, nichukue hizo za mpira, nisifikirie mara mbili. Zilikuwa kwenye kibodi nyeusi, haina taa, haina urembo wowote. Inafanana na kibodi ya ofisi ya chifu.

Ile ya kahawia ilikuwa na taa! Zambarau, kijani, zinakimbia kutoka upande hadi upande. Nikaijaribu hapo kaunta. Sikusikia chochote. Nikaipiga kwa nguvu. Kimya! Cheruto akasema kitu, sikumsikia. Nikamwonyesha dole gumba.

Nilipotoka ndipo nilipoona lile lori la matangazo lililoegeshwa mbele ya duka, spika zake zikiwa juu kama nyumba, zikitangaza mbolea.

Lakini nilikuwa nimeshalipa. Na sikutaka Cheruto aone kwamba nimeona.

Alhamisi, 20 Machi

Mahindi makavu yakimwagwa kwenye karai. Hiyo ndiyo sauti ya kibodi mpya. Na taa zake zinamulika hadi kwenye dari, mbele ya watu waliofiwa. Sikupata namna ya kuzizima. Niliziba kwa gazeti.

Njoki aliuliza, polepole, kama hii ndiyo ile ya kimya. Nikamwambia swichi mpya huanza na kelele, halafu zinazoea. Akasema sawa. Aliniamini! Hilo ndilo linaloniuma.

Alasiri Kang'ethe alipanda. Anavaa viatu vya soli ya mpira, humsikii mpaka amefika. Hata kukohoa anakohoa kwa adabu. Akatoa futi ya kupimia, akapima meza ya Njoki urefu na upana. Mbele yangu. Akasema anataka tu kujua kama itaingia. Njoki akasema bado hajaamua. Kang'ethe akasema hakuna haraka, akaandika vipimo mkononi kwa kalamu.

Nilitaka kumwambia meza hiyo imeliwa na mchwa. Haijaliwa. Nikanyamaza, na sasa najuta kunyamaza, halafu najuta kwamba najuta.

Jumamosi, 22 Machi

Niko nyumbani Keringet kumwona mama. Mvua imeanza. Ng'ombe wanakamuliwa matopeni.

Nilikaa zizini nikimtazama mama akijipaka mafuta ya kukamulia mikononi. Kopo lile lile la tangu utotoni. Yanalainisha chuchu, yanalainisha mikono, yanalainisha visigino. Mlango wa stoo ulipokuwa ukilia, baba aliupaka hayo hayo, na haujalia tena hadi leo.

Na swichi je? Si ni kitu kinachosuguana na kitu?

Mama aliuliza kwa nini nimesimama ghafla. Nikamwambia nimekumbuka kazi. Akaniuliza kama yule msichana wa programu za mazishi, aliyemwandikia shangazi Linah vizuri hivyo, bado tuko naye ofisini. Nikasema yupo. Akasema nimsalimie, nisimpoteze mtu kama huyo. Kisha akanipa kopo zima bila kuuliza la nini.

Jumatatu, 24 Machi

Nilifika mapema kuliko wote. Nikang'oa herufi zote, nikapaka kila swichi. Nilipaka kwa ukarimu, kama anavyopaka mama.

Kimya! Kimya cha ajabu! Herufi zilishuka bila sauti yoyote.

Hazikupanda.

Nilikuwa na mkutano wa ushirika wa maziwa wa kuandika. "Mwenyekitiiiiiiiiiii aliwakaribishaaaaaaa wanachamaaaaa." Kila herufi nilipaswa kuichomoa kwa ukucha. Mteja wangu wa Nairobi alipiga simu kuuliza kama niko sawa kiafya. Ofisi nzima inanuka kama kibanda cha kukamulia. Mzee Njuguna alisema inamkumbusha kwao, akawa na furaha siku nzima, yeye peke yake.

Njoki alifungua dirisha. Kisha akaniuliza, si kwa ubaya, kwa nini nisinunue tu kibodi ya kimya. Nikamwambia hii ndiyo yenyewe, ni kurekebisha kidogo tu. Aliniangalia kwa muda. Sikupenda namna alivyoniangalia. Aliangalia kama mtu anayehesabu siku za mwezi zilizobaki.

Nimempigia binamu yangu Kiptum anayefanya kazi Kariandusi. Kule wanachimba yale mawe meupe mepesi. Unga wake unanyonya mafuta kuliko kitu chochote. Amesema atanitumia mfuko.

Jumanne, 25 Machi

Sina nguvu ya kuandika, lakini nitaandika.

Mfuko ulifika. Stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi, kwa hiyo nilikuwa na nafasi. Nikaujaza unga katikati ya swichi zote, nikatikisa, nikangoja. Mafuta yalinyonywa! Herufi zikaanza kupanda! Nikaiweka kibodi mezani ikiwa na kilima cha unga juu yake, nikaenda kutafuta brashi.

Njoki alikuwa na wateja. Ndugu wa Njoro, suti nyeusi, wametoka kanisani kupanga ibada.

Stima ikarudi. Feni ya Mzee Njuguna haikuwa imezimwa.

Nilisikia tu watu wakikohoa. Nilipogeuka, ndugu wale walikuwa weupe kuanzia nyusi hadi viatu, kama watu waliolala posho mili, kwenye kinu cha unga. Hakuna aliyesogea. Njoki alichukua leso yake akaanza kuwapangusa mabega, mmoja baada ya mwingine, akiomba radhi kwa niaba yangu. Kwa niaba yangu! Mimi nilikuwa nimesimama na brashi.

Mkubwa wao akaanza kucheka. Alisema marehemu alikuwa fundi wa plasta, hakuwahi kurudi nyumbani akiwa na rangi nyingine, na angefurahi sana. Wakacheka wote, kisha wakalia wote. Njoki hakuandika mpaka walipomaliza.

Hakucheka. Alipokuwa anaondoka aliniambia kwamba Ijumaa Kang'ethe anataka jibu.

Alhamisi, 27 Machi

Nimeshinda! Halafu nimepoteza kila kitu. Acha niandike kwa utaratibu.

Jana nilirudi kwa Cheruto. Sikuwa na ujanja wowote, nilichoka. Nikamwambia nataka ile nyeusi ya mpira ndani, ya ofisi ya chifu. Hakunicheka. Aliipiga mbele ya sikio langu akiwa amefunga mlango wa duka, akasema hivi ndivyo unavyochagua, boss.

Leo asubuhi nikaiweka. Nikaandika. Hakuna! Kama mtu anayetembea kwenye zulia akiwa na soksi. Na bado springi unaihisi chini ya kidole, tamu kabisa. Njoki aliacha kazi yake akaja kusikiliza. Akainamisha kichwa karibu na mikono yangu. Akasema, "Aki Weldon, umeweza." Saa nne alinipa andazi zima.

Mtu mwenye akili angeishia hapo.

Lakini saa sita Njoki alishuka chini, na nilipochungulia dirishani nilimwona mlangoni kwa Kang'ethe wakiongea. Waliongea muda. Kang'ethe alitikisa kichwa, akampa mkono. Kumpa mkono maana yake nini? Maana yake wamekubaliana! Baada ya kibodi! Baada ya andazi!

Akili yangu ikaanza. Aliporudi alikuwa na mteja, mzee mmoja wa Bahati aliyefiwa na mkewe, kofia yake akiwa ameiweka gotini. Nikavaa hedifoni, nikaacha ule mkutano wa maziwa uendelee ili nionekane niko kazini. Nikamwandikia mwenye jengo ujumbe, kama mpangaji asiyetaka kutajwa. Nikasema chumba cha chini kina panya. Nikasema sinki linavuja. Nilipoona bado hautoshi, nikaongeza kwamba kumpa nafasi chini yule mwanamke wa matanga kutaharibu biashara ya jengo zima, kwa sababu wateja wake ni watu wa kulia tu, na hakuna mtu atakayeingia kupigwa picha akikuta maombolezo mlangoni.

Siamini hivyo! Nilitaka tu asipewe chumba!

Nilikuwa natafuta neno la kumalizia nilipohisi kitu. Nikavua hedifoni. Njoki ameondoa mikono kwenye kompyuta. Mzee wa Bahati ananitazama. Mzee Njuguna anatazama sakafu.

Mimi huongea nikiandika. Sikujua! Katika kazi yangu unasikia sentensi, unaishika mdomoni, unaipeleka vidoleni. Miaka yote hii nimekuwa nikiitamka kwa sauti, na ile kibodi ya kelele ilikuwa inaifunika. Leo haikufunikwa na chochote. Wamesikia yote. Panya, sinki, mwanamke wa matanga, watu wa kulia. Mzee Njuguna anasema hata koma nilizitamka.

Njoki alimgeukia yule mzee, akamwambia, "Pole, baba. Tuendelee. Mama alizaliwa wapi?" Mzee akashindwa kuendelea. Akachukua kofia yake akaivaa, kisha akaivua tena. Njoki akangoja. Nilikaa pale nikasikia kila kitu, maana hakukuwa na kelele yoyote ya kunisaidia.

Ujumbe sikuutuma. Nilijaribu kumwambia hivyo tukifunga ofisi. Akasema anajua, kwa sababu hakunisikia nikisema "tuma".

Baadaye, kwenye ngazi, Mzee Njuguna aliniambia kwamba Njoki alishuka saa sita kumkatalia Kang'ethe. Alimwambia ni afadhali abaki, kwa kuwa Weldon amejaribu sana.

Ijumaa, 28 Machi

Amehama leo. Hakungoja mwisho wa mwezi.

Nilijitolea kubeba. Nilichukua sanduku la karatasi, likafunguka chini, programu za zamani zikamwagika kwenye ngazi zote. Nyuso za watu walioaga, nusu ya Nakuru. Niliziokota moja moja nikizifuta vumbi. Njoki alikuwa ameketi ngazi ya juu akinipokea. Tulikuwa wawili tu. Hapo ndipo ningesema. Nilikuwa na maneno mdomoni: nisamehe, niliogopa utaondoka, sikuwa na akili. Nilichosema ni kwamba hizi ngazi zinahitaji balbu.

Akasema ni kweli, zinahitaji.

Kang'ethe alibeba meza peke yake. Iliingia vizuri.

Jumatatu, 31 Machi

Ofisi iko kimya kama nilivyotaka. Kibodi inafanya kazi vizuri ajabu. Naweza kumsikia Njoki akicheka huko chini, kupitia sakafu. Wateja wake wanapolia sisikii, kwa sababu Kang'ethe ameweka pazia zito. Mzee Njuguna anasema ni pazia zuri. Nimemwomba asiniambie habari za pazia tena.

Nimekaa nikafikiri tangu asubuhi. Najuta, na sitajificha. Nilimuumiza mtu aliyekuwa upande wangu, mbele ya mzee aliyefiwa, kwa maneno ambayo hata siyaamini. Lazima nimwombe msamaha. Nilifungua simu nimwandikie. "Njoki, nisamehe." Nikatazama. Maneno mawili. Yalionekana uchi sana. Mtu anayeomba msamaha mwenyewe ana uzito gani? Ingekuwa bora kama angeombewa na mtu mwingine, mtu wa heshima.

Nikatoka nikanunua laini mpya ya simu. Safari hii nimekuwa mwangalifu! Sikuvaa hedifoni. Niliandika mdomo ukiwa umejaa andazi, nililolinunua mwenyewe, ili neno lisitoke. Mzee Njuguna hakuinua hata kichwa. Niliandika kama mchungaji anayepita Nakuru, aliyesikia habari za kijana mmoja wa ghorofani, mpole, mchapakazi, mwenye kibodi ya kimya kuliko zote mjini, ambaye siku hizi hali wala halali vizuri, na ambaye meza ya katikati ofisini kwake bado iko wazi. Nikamalizia kwa baraka.

Jibu lilikuja nikiwa bado natafuna. "Asante, mchungaji. Pole na kazi, Weldon."

Amejuaje?

Nimelisoma tena na tena. Nimekaribia kulia, nimeshika simu kwa mikono miwili. Lakini ameandika pole. Mtu aliyekukatia tamaa hakwambii pole. Nimeona kosa langu liko wapi: mchungaji hangejua habari za kibodi. Kesho nitamwandikia kama mama mmoja wa Njoro.